Maksai wa Mzee Wendelin

Watu wa Lituhi, kando ya ziwa, walijua samaki tu. Ng'ombe waliletewa na serikali baada ya kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, na mimi nikaletwa pamoja nao, Bwana Mifugo kutoka Usukumani, mwenye mdomo mkali na pikipiki mbovu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maksai wale wananenepa, wauzwe kwa nyama huko Mbinga, kijiji kipate mashine ya kusaga.

Kamati ilipomchagua Mzee Wendelin kuwa mchungaji, nilikuja juu. Mvuvi mzee, hajawahi hata kushika kamba ya ng'ombe! Mwenyekiti wetu, Xavery, akanivuta pembeni.

"Mwanawe Sixtus alizama masika haya. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Tangu hapo mzee anakaa tu ukutani. Hali chakula, hasemi. Tukimwacha hivi tutamzika. Mpe ng'ombe, Bwana Mifugo."

Nikampa, shingo upande. Baada ya muda mfupi mzee akawa wa kwanza kuamka kijijini. Aliwapeleka maksai kwenye majani mazuri ya bonde la mto Ruhuhu, akawapa majina, akawasemesha Kimpoto, lugha ya kwao, kutwa nzima. Akaanza kula. Akaanza hata kubishana nami, nikafurahi kuliko nilivyoonyesha. Kila Alhamisi aliwaleta kwenye josho bila kukosa, wakatumbukia mmoja mmoja kwenye dawa na kutoka wanachuruzika.

Kisha wakaanza kufa.

Wa kwanza alikohoa, akakataa majani. Nilimpapasa chini ya sikio nikakuta tezi kubwa kama yai. Alipokufa nilimpasua, mapafu yalikuwa yamejaa povu. Ndigana, ugonjwa ambao miaka ile ukishampata ng'ombe huna dawa ya kumpa. Lakini ndigana huletwa na kupe, na kupe hufa joshoni! Nikabadilisha dawa, nikaongeza ukali wake, nikagombana na mtunza stoo ambaye hakuwa na kosa lolote. Maksai wakaendelea kufa. Kila aliyeanguka, Mzee Wendelin alikaa chini akampakata kichwa mpaka mwisho.

"Bwana Mifugo, mwanangu," aliniuliza, "niambie, nifanye nini zaidi?"

Nikaenda kupima dawa upya.

Alhamisi moja, baada ya josho, pikipiki ilikataa kuwaka, nikarudi kwa miguu kwa njia ya ufukweni. Nikamsikia mzee anaimba. Alikuwa ziwani, maji kiunoni, maksai waliobaki wamemzunguka, naye anawasugua kwa sabuni na majani, mgongo, masikio, chini ya mkia, mahali pote kupe wanapopenda. Dawa yangu yote ilikuwa inaelea majini. Kwetu hata mwendawazimu haogeshi ng'ombe. Hawa ni watu wa ziwa; kwao kiumbe hakilali bila kuoga.

"Dawa yako inanuka, mwanangu," akaniambia huku akicheka. "Siwezi kuwalaza na uchafu ule."

Nikamwacha anaendelea kusugua. Nikaenda kwa mkewe, Mama Hedwiga, aliyekuwa anaanika dagaa, nikamweleza yote. Aliacha kazi.

"Usimwambie," akasema. "Sixtus wetu hakuoshwa, baba. Ziwa halikumrudisha tumwoshe, tumzike kama mtu. Unafikiri yule mzee anaosha ng'ombe?"

"Mama, nisipomwambia, waliobaki watakwisha."

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Basi mwambie taratibu."

Taratibu gani? Kesho yake nilimfuata malishoni, nikamwamkia, nikasema, "Baba, dawa ya josho haioshwi. Ikaukie mwilini, ndiyo inayoua kupe."

Hakuwa mjinga. Aliwahesabu maksai wake waliobaki kwa ncha ya fimbo.

"Na wale waliokufa?"

"Waliuawa na kupe, baba."

"Niliwaosha," akasema. "Wote niliwaosha." Akanikabidhi fimbo yake. "Mpe mwingine. Mpe mtu asiyewapenda."

Nilimsihi, Xavery akamsihi, hata katekista alikuja. Alirudi ukutani kwake. Fimbo tukampa Damiano, mvivu ambaye hata kuoga mwenyewe ilikuwa vita, na maksai wakapona wote, wakanenepa. Nilipaswa kufurahi. Niliwachukia kwa kupona kwao.

Siku ya kuwaswaga kwenda Mbinga nilipita kwa mzee kuaga. Alikuwa amekonda, mifupa mitupu. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitikia kwa shida, kisha akauliza:

"Ni wazima?"

"Wazima, baba."

"Wachafu?"

"Wachafu sana, baba."

"Vizuri," akasema, na machozi yakamtiririka, nami nikakaa pale ukutani kando yake, nikalia naye.