Majuma Saba Bila Mahubiri

Taarifa za kazi za Limi zilikuwa ndani ya kopo la bati, zimefungwa kwa kamba ya katani, na panya walikuwa wamekula pembe zake tu. Mwanawe Maige alizipanga mezani mwaka baada ya mwaka, kuanzia 1933. Kila karatasi ilikuwa na mistari mitatu: nyumba zilizotembelewa, watu waliosikia Neno, watu walioomba kufundishwa. Mwandiko ulikuwa ule ule, mnene, wa mtu aliyejifunza kuandika mikono ikiwa imekwisha kuzoea jembe. Karatasi ya Septemba 1941 haikuwa na tarakimu hata moja. Palikuwa na neno moja: Sikuhubiri. Ya Oktoba vilevile.

Maige aliziweka hizo mbili kando. Alikuwa mwalimu wa shule ya kati Kishapu, mwenye miaka thelathini, asiyependa kuandika jambo asiloweza kulithibitisha. Mama yake alikuwa amezikwa siku nane zilizopita, mwezi huo wa Agosti 1957, na wazee wa kanisa walikuwa wamemkabidhi kazi ya kuandika historia ya marehemu. Historia hiyo ingepelekwa misheni pamoja na barua ya kuomba Limi atajwe katika kitabu cha kanisa kuwa mwinjilisti. Kwa miaka ishirini na minne kitabu hicho kilimwita msaidizi wa mwinjilisti, ingawa mwinjilisti aliyemsaidia alifariki mwaka 1936 na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Maige aliitaka barua ile ijibiwe vizuri. Aliitaka kuliko alivyokuwa tayari kukiri, kwa kuwa hakuwa na hakika kama alimpenda mama yake ipasavyo, na cheo kingekuwa namna ya kumlipa.

Kila kiangazi, pamba ikishauzwa, Limi alikuwa akikunja mkeka wake, akachukua Biblia na kupanda lori kwenda kambi za wachimbaji wa dhahabu Geita, walikokuwa vijana wengi wa kwao. Nyumbani aliacha michembe ya viazi vitamu ya kutosha na maagizo marefu. Mwaka 1941 aliondoka na Sikujua mgongoni, binti wa miezi saba. Ikaja barua: mtoto amekufa kwa homa, amezikwa kambini. Maige alipofika likizo kutoka bwenini alimkuta baba yake ameketi peke yake juu ya mkeka wa msiba. Majirani waliuliza mama wa mtoto yuko wapi.

“Yuko kwenye kazi ya Bwana,” baba alijibu.

Limi alikaa huko majuma saba. Baba alikufa bila kusema zaidi, na Maige aliibeba sentensi ile hadi utu uzima, kama mwiba uliokwisha kufunikwa na nyama. Sasa karatasi ilimwambia kwamba hata kazi ya Bwana haikufanyika.

Siku ya tisa, mchana, lori la pamba liliwashusha watu wawili njia panda: mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga, na msichana wa miaka kama kumi na sita. Maige alikuwa kivulini mwa nyumba pamoja na mjomba wake, Makoye, mdogo wa Limi na mzee wa kanisa.

“Shikamoo, mzee,” mwanamke alisema.

“Marahaba. Karibuni. Mmetoka mbali?”

“Geita. Mimi Mwamvua, muuza vitumbua wa kambini. Kwetu hasa ni Tabora. Habari za msiba tumezipata kwa madereva, ndiyo maana tumechelewa. Poleni sana.” Akamgeukia Maige. “Na wewe ndiye mwalimu. Mama Maige alisema una paji la hakimu hata usingizini.”

Makoye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko. “Hapo hakuongeza chumvi.”

Msichana alipiga goti, akawasalimu kwa Kisukuma. Maige alishtuka. Haikuwa lafudhi ya Geita wala ya Tabora. Maneno yalivutwa na kuachiwa kama walivyoyavuta watu wa Kishapu, na hasa mtu mmoja.

“Nani alikufundisha Kisukuma hicho?”

“Mama.”

“Mama yako amesema kwao ni Tabora.”

“Si huyu,” msichana alisema. “Yule mwingine.”

Mwamvua alieleza bila haraka. Huyu ni Mwanaima. Alipozaliwa, Mwamvua alipatwa na homa iliyomkausha maziwa, na mtoto akaanza kunyauka. Wiki ile ile Limi alimzika Sikujua. Siku ya pili baada ya maziko alikuja mlangoni, kanga yake imelowa maziwa kifuani, akamnyanyua Mwanaima mkekani, akampa titi. Hakuomba ruhusa. Alikaa nao mpaka Mwamvua aliposimama tena na mtoto akazoea uji. Kila kiangazi kilichofuata alifikia kwao.

“Mwezi gani?” Maige aliuliza.

“Hakimu ameanza,” Mwamvua alisema. “Funga ilikuwa imeanza. Mume wangu alishuka shimoni na kiu, huku mgeni wa Kikristo akimpikia futari.”

Maige alikwenda ndani, akachukua penseli. Mwaka huu Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Aprili. Kwa kila mwaka wa kurudi nyuma alisogeza siku kumi na moja mbele, mara kumi na sita. Ikaangukia mwishoni mwa Septemba. Alirudi kivulini pole pole.

“Kwa nini hakutuambia?”

“Alisema nyumbani watamwuliza kwa nini maziwa ya marehemu amepewa mtoto mwingine kaburi likiwa bichi. Jibu hakuwa nalo, ndipo akaamua kunyamaza.” Mwamvua aliivuta kanga yake. “Kwa sheria yetu mtoto aliyenyonya ni mtoto. Huyu ni dada yako, mwalimu. Humwoi hata ulete ng'ombe hamsini.”

“Sina hata watano.”

“Basi hujapoteza kitu. Nimesikia kesho watoto wa marehemu wananyoa. Namwombea nafasi mkekani, sina lingine.”

Mjomba alimwita Maige nyuma ya nyumba.

“Haya usiyaandike,” alisema. “Misheni watasoma nini? Aliacha kazi bila ruhusa, akakaa majuma saba nyumbani kwa Waislamu, ananyonyesha. Watamwita yaya.”

“Niandike nini, mjomba?”

“Andika alikuwa mgonjwa. Nani atauliza?”

“Mimi.”

Makoye alivua kofia, akaigeuzageuza. “Dada yangu amekanyaga vumbi miaka ishirini na minne. Nataka jina lake likae mahali pake nami nikiwa hai. Wewe unataka nini?”

Maige alirudi ndani. Aliketi tena mezani. Alitarajia kuona nafuu, kwamba mama hakuyachagua mahubiri mbele ya msiba wake. Badala yake alikumbuka jioni moja ya Desemba ile, likizo nyingine, Limi akiwa amerudi. Kama kawaida yake, alikuwa akipepeta mtama huku Maige akimsomea zaburi. Akikosea, ungo ulinyamaza mpaka asahihishe. Jioni ile ungo ulinyamaza, na Maige alirudia mstari mara tatu akilitafuta kosa ambalo halikuwepo, kisha akakasirika, akafunga kitabu. Mama hakumkemea. Alikuwa ameukumbatia ungo kifuani kwa mikono miwili.

Aliandika bila kupamba. *Septemba na Oktoba 1941 hakuhubiri. Baada ya kumzika Sikujua, alimnyonyesha Mwanaima binti wa Mwamvua, kambini Geita.* Mwishoni, mahali pa hesabu ya watoto, palipokuwa na wawili, yeye na mdogo wake Herman, aliandika: *Ameacha watoto watatu.*

Makoye aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaisoma tena. “Umekitupa cheo chake,” alisema. Aliikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa koti, wala hakusema kama angeipeleka.

Asubuhi mkeka ulitandikwa uani. Misheni ilikataza matambiko, lakini haikuwahi kukataza kunyoa. Mnyoaji alikuwa mjomba, kama ilivyopasa. Maige alinyolewa kwanza, kwa maji ya mtungi yaliyolala nje, na baridi ikamshuka hadi mgongoni. Akafuata Herman, aliyekuja na baiskeli kutoka Mwadui alikokuwa fundi, naye alilalamikia maji yale mpaka wanawake wakamcheka.

Makoye alipangusa wembe.

“Nani mwingine?” aliuliza, ingawa aliona.

Maige alisogea pembeni mwa mkeka. Mwanaima alimtazama Mwamvua, akafungua kilemba, akaja kuketi pale palipoachwa. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimesukwa vizuri kwa ajili ya safari.

Mjomba aliitazama ile misuko kitambo kirefu, kisha akautazama wembe. Akachovya kidole katika beseni, akakitoa.

“Niletewe maji mengine,” alisema. “Ya vuguvugu.”