Zeituni Kwenye Kabati la Vikombe

Chupa ya mafuta ya zeituni iliingia nyumbani Jumatatu. Jumanne asubuhi ilikuwa imeshafungiwa kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, na ufunguo uko kiunoni mwa Mama. Ubavuni mwa chupa Mama alikuwa amechora mstari kwa penseli, ili mwizi ajulikane.

Binti yake aliitazama kupitia kioo akashusha pumzi. Nyumbani walimwita Kimya, maana neno lake moja lilichukua siku mbili kutoka.

Kisa chenyewe kilianzia kazini kwa Baba. Miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa lori, hata usingizini mguu wake ulikanyaga klachi. Mwezi ule madereva walipimwa, akakutwa na mafuta mengi mno kwenye damu. Meneja akamnyang'anya funguo. Yasiposhuka, Baba atapelekwa getini, akae kwenye stuli na daftari, aandike namba za malori yanayoendeshwa na wenzake.

"Bora wanizike," alisema Baba.

Kimya ndiye aliyemsindikiza kliniki, na alimsikia muuguzi vizuri sana. "Samli iondoke jikoni. Pikieni zeituni, ni rafiki wa moyo. Vijiko viwili sufuria nzima, msizidishe, maana nayo ni mafuta, si maji. Mboga za majani, maharage, samaki. Lakini sikilizeni: zeituni ikae mahali pa samli. Mkizitumia zote mbili, mmejisumbua bure."

Kwa maneno yote hayo, Baba alirudi na moja tu: zeituni ni dawa.

"Na dawa haipikwi," akasema Mama. "Dawa inanywewa."

Basi kila asubuhi mayai yaliogelea kwenye samli, viazi vikakaangwa kwenye samli, hata mkate ukapakwa samli. Baba akishamaliza, Mama alifungua kabati, akamimina kijiko kimoja cha zeituni kwa mkono wa uangalifu kama anapima dhahabu. Baba alifumba macho, akameza, akajigonga kifua.

"Hapo! Naisikia inashuka, inafagia njia yote. Niongezeeni viazi."

"Baba," Kimya alijaribu, "muuguzi alisema..."

"Alisema zeituni. Si hii nakunywa?"

"Alisema na samli iondoke."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, njooni muone! Shule aliiacha darasa la tano, leo ni daktari! Samli hii ndiyo iliyokukuza wewe, mwanangu."

Kimya akanyamaza, lakini mkono haukunyamaza. Alilificha kopo la samli nyuma ya gunia la mkaa. Mama alilipata kabla maji ya chai hayajachemka. Siku nyingine, Mama akiwa amelala, akauchomoa ufunguo, akapika maharage kwa zeituni kidogo; Mama alipoamka akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa penseli. Akagomba kutwa nzima. Kimya alitamani kujigonga kichwa kwenye kabati, ila vikombe vilikuwa vya wageni.

Wiki ya tatu Baba alipimwa tena. Yalikuwa yamepanda.

Alirudi nyumbani anatoa moshi. "Zeituni yenu ni utapeli! Nimeinywa kama ndama anayenyonya, na leo nina hali mbaya kuliko jana! Meneja kanipa wiki nne za mwisho, baadaye ni getini!"

"Pole, baba watoto, kaa ule," alisema Mama, akaweka mezani sahani ya viazi iliyomeremeta samli.

Kimya alikuwa ameshika sufuria. Aliibwaga chini hata mfuniko ukabingirika mpaka mlangoni.

"Baba! Lori likifika muda wa kubadilisha oili, unafanyaje?"

Wote wawili walimgeukia. Sauti hiyo hawakuwahi kuisikia.

"Unamwaga ya zamani kwanza," alijibu Baba. "Hilo nalo la kuuliza?"

"Kwa nini? Si uongeze mpya juu yake tu?"

"Wewe! Unataka kuua injini? Ile chafu inabaki humo humo, mpya nayo inachafuka, halafu imezidi kipimo, sasa wewe..."

Akakwama hapo, kiazi mkononi. Akakitazama kile kiazi muda mrefu, kisha akakirudisha kwenye sahani.

Alinyanyuka, akalichukua lile kopo la samli, akatoka nalo uani, akaanza kupaka bawaba za mlango wa nyuma uliokuwa ukilia miaka yote.

"Samli yangu!" Mama alipiga kelele. "Mnaipaka mlangoni!"

"Lete ufunguo wa kabati," alisema Baba bila kugeuka.

Wiki nne baadaye mafuta ya kwenye damu yalikuwa yameshuka. Si sana, lakini yalitosha, na funguo za lori zikarudi mfukoni mwa mwenyewe. Pale kliniki Baba alimwinamia muuguzi kama mtu mwenye siri.

"Mimi nilikaa nikafikiri kidereva. Nikajiambia, hapa lazima tumwage ya zamani kwanza."

"Umefikiri vizuri sana, mzee," alisema muuguzi.

Kimya alikuwa kwenye benchi, anayasikia yote.

"Umenisikia nilivyomweleza?" Baba alimuuliza njiani, akizungusha funguo kidoleni.

"Nimesikia, Baba."

"Mambo haya yanataka akili."

"Ndiyo, Baba."

Walipofika, Mama aliwapokea mlangoni kwa vigelegele. Jikoni viazi vilikuwa vinachemka ndani ya kikaango kilichojaa mafuta hadi ukingoni. Pembeni ilisimama chupa mpya ya zeituni, nusu yake haipo.

"Si mlisema ina faida?" alisema Mama. "Leo nimetia faida nusu chupa."

Kimya aliepua kikaango. Akanyoosha kiganja. Mama alimtazama, akamtazama mumewe, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa na funguo zake. Mwishowe akatoa ufunguo wa kabati, na ile penseli.

Kimya akaichukua chupa, akachora mistari mipya, mmoja kwa kila siku, yote imekaribiana.