Deni la Mpiga Pasi

Jumatatu asubuhi mlinzi wa hoteli alifungua milango yote miwili ya chumba cha kufulia na kuiwekea matofali isijifunge, kwa kuwa waombaji kazi walikuwa wanakaguliwa madeni. Mwajiri akilikagua deni, hutokea pale pale kile ambacho pesa zilikopwa kukigharamia. Hukaa mpaka ofisi zifungwe, kisha huondoka. Kukagua ni haki ya mwajiri.

Mwanamume wa kwanza alitokewa na viti vya harusi, vikajaa mpaka kwenye mashine.

"Bibi harusi yuko wapi?" mlinzi aliuliza.

"Alishaondoka, kaka. Viti ndivyo vilivyovumilia."

Watu wa kwenye foleni walicheka, wakavikalia.

Akafuata mpiga pasi. Shuka la majaribio alikuwa ameshalinyoosha, halina hata kunyanzi moja. Kazi aliihitaji sana. Mwenye nyumba alikuwa ameshang'oa mlango wa chumba chake kwa ajili ya kodi aliyokuwa anamdai. Meneja alipokagua, kitanda cha hospitali kiliingia, magurudumu yakilia. Juu yake alilala mama yake mpiga pasi, aliyezikwa mwaka juzi.

"Shikamoo, mama," meneja alisema.

"Marahaba, baba. Poleni na kazi." Mama alimgeukia bintiye. "Mbona umekonda hivi? Unakula harufu?"

Meneja alikizunguka kitanda, akakigonga kwa kalamu. "Pasi unaijua, dada. Ila mwenye deni kama hili siwezi kumkabidhi mashuka ya wageni."

"Mwanangu hajawahi kuiba hata sukari," mama alisema.

"Sijasema ameiba, mama. Utaratibu ndio huo."

Mpiga pasi alishukuru, akakisukuma kitanda barabarani.

"Nimekukosesha kazi, mwanangu."

"Acha hayo, mama. Chai utakunywa?"

Kitanda kiliingia chumbani bila shida, kwa kuwa mlango haukuwepo. Walikunywa chai, wakawasema majirani mmoja mmoja, mama akamsuka nywele. Ofisi zilipofungwa, kitanda kikaondoka naye, upande mmoja wa kichwa cha bintiye ukiwa bado haujasukwa.

Kesho yake alfajiri mpiga pasi alifika kwenye kiwanda cha biskuti, kichwa amekifunga kitambaa.

"Hapa mnakagua madeni?" alimuuliza mlinzi.

"Kila mtu, dada. Tena mapema kuliko kwingine kote."

"Asante sana," alisema, akawa wa kwanza kwenye foleni.