Kiti cha Phylis

Jumatatu ya kwanza ya Machi 2004, saa mbili na robo asubuhi, Phylis Nduta aliinama kukata mawaridi katika shamba moja la maua huko Isinya, akashindwa kuinuka. Wenzake wawili walimshika makwapani, wakamfikisha kliniki ya shamba akiwa bado ameinama.

"Mgongo imekataa, sister," alimwambia muuguzi Margaret. "Sitaki off. Nataka tu kazi ya kukaa. Kiti, basi."

Kiti hicho alikuwa amekiomba kwa miaka saba. Meneja, Githongo, alikuwa na jibu lile lile: mgongo hauna kidonda, na ugonjwa usioonekana ni uvivu. Meneja mzima, amesoma, na hana haya kusema hivyo.

Margaret alimtoa damu ya kupima malaria, maana ndicho kipimo pekee alichokuwa nacho. Tone moja likaangukia ndoo ya mawaridi meupe iliyokuwa mlangoni. Kufikia saa nne mawaridi yote yalikuwa ya buluu. Margaret akaandika kwenye daftari: buluu. Akajaribu damu ya wengine. Kwa mwenye mgongo mzima, maua yalibaki meupe. Kwa aliyeinama mwaka mmoja, buluu hafifu. Kwa Makokha, aliyebeba ndoo tangu 1996, yalikoza kama sweta ya shule.

Phylis alilia kwa furaha. Sasa alikuwa na ushahidi. Githongo alikuja, akaitazama ndoo, akakubali bila ubishi kwamba mito iliyo kati ya pingili za mgongo wa Phylis imelika. Hata pole alimpa. Kisha akabeba ndoo, akawapelekea wanunuzi.

Wanunuzi waliyapenda. Waliomba yaliyokoza zaidi.

Wiki iliyofuata vitanda vya maua vilishushwa nusu futi, ili watu wainame vizuri. Phylis hakufutwa kazi. Alisifiwa mkutanoni, akapigiwa makofi. Aliposhindwa kabisa kutembea, aliletwa kila asubuhi kwa wilbaro, akawekwa kwenye mstari wake, akainama, na saa nne akatolewa tone.

"Na kile kiti?" aliuliza kila Ijumaa.

"Iko njiani, mama," Githongo alijibu, na safari hii hakuwa akidanganya.

Kiti kilifika Mei, cha magurudumu, chenye mto wa kuegemea. Alikikalia Margaret. Kuwatoa damu watu mia mbili kwa siku, meneja alieleza, kunaumiza mgongo.