Watu Wamekuja, Nthenya

Nthenya alikuwa bado hajamaliza kung'oa meno ya utoto watu walipoanza kumwita Mtumishi.

Ilianza hivi. Mwaka wa sabini na nane, jirani yao pale Mbooni, Mama Musyoka, alikuwa amelazwa na mgongo tangu Krismasi. Akina mama wa kanisa walikwenda kumwombea, na Mbula, mkewe Muthama, akaenda na bintiye Nthenya kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia. Wakubwa walipomaliza, mtoto naye akafumba macho akaomba. Alisema maneno machache tu, kwamba Mungu amwinue Mama Musyoka kwa sababu ng'ombe wake analia. Wiki ile ile Mama Musyoka aliinuka, akaenda kumkamua ng'ombe kwa mikono yake mwenyewe.

Muthama aliposikia alicheka. "Basi omba na huyu jogoo wetu aache kutuamsha mapema," alimwambia bintiye, na Nthenya akacheka mpaka akapaliwa. Baada ya hapo, jambo lile halikuchekwa tena katika nyumba hiyo.

Jumapili iliyofuata, Mchungaji Mulei alimsimamisha mtoto juu ya stuli, maana mimbari ilimmeza, akamwambia aseme lolote ambalo Bwana angempa. Nthenya akasema. Watu wazima wakalia. Punde wakaanza kumpeleka kwenye mikutano, leo Kilungu, kesho Wote. Akina mama wakamshonea gauni jeupe la kufika kwenye vifundo vya miguu na kumfunga kitambaa kichwani kama mtu aliyekwisha kuolewa. Wakamfundisha kukaa, kutembea, kupokea salamu. Wazee wenye mvi walimshika mkono kwa mikono miwili, wameinamisha vichwa.

Nyumbani nako watu hawakukatika. Walifika umande haujakauka, wakakaa kwenye nyasi mbele ya nyumba na wagonjwa wao, na kila mara Mbula aliita, "Nthenya, watu wamekuja." Mtoto aliacha kamba aliyokuwa akiruka, akapangusa miguu, akaenda. Baadaye hakuwa na wa kuruka naye. Wenzake shuleni walimwogopa, wakisema anaona dhambi za mtu hata akikaa kimya.

"Tumpumzishe," Muthama alimwambia mkewe siku moja wakipura maharagwe. "Apumzike hata muhula mmoja."

Mbula aliendelea kupiga maganda kwa fimbo. "Baba Nthenya, nilizaa wawili kabla yake na tukawazika wote. Unafikiri huyu alibakizwa kwa nini?"

Muthama aliinama, akaokota punje zilizoruka mbali. Yeye mwenyewe ndiye aliyewachimbia makaburi wote wawili.

Akamwendea mchungaji. Mulei hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Samweli alikuwa na umri gani alipoitwa?"

"Sijui, Mchungaji. Lakini huyu wetu ameanza tena kukojoa kitandani."

Mchungaji alizungusha kikombe chake mezani. "Hilo tutaliombea," akasema.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Muthama alisema anampeleka mtoto kumsalimia shangazi yake, Mutindi, kule Matinyani. Gauni jeupe aliliacha kwenye msumari. Mutindi alikuwa mjane asiye na maneno mengi. Aliposikia habari yote alisema tu, "Mwache hapa. Hata akitaka kukaa mwaka, akae."

Muthama naye alibaki nao. Siku za kwanza Nthenya aliamka mapema, akanawa uso, akakaa kwenye kigoda mlangoni. "Watu wako wapi?" aliuliza.

"Hapa hakuna watu," Muthama alimwambia. "Hapa kuna mbuzi tu."

Polepole akaanza kutoka. Alijiunga na watoto wa jirani kwenye mchanga wa mto uliokauka, akawa anarudi na mchanga kichwani, magoti yamechubuka, ana njaa. Aligombana na msichana mmoja juu ya mwanasesere wa gunzi la mahindi, wakanuniana, wakapatana. Jioni moja alilia sana kwa sababu kuku amemla nzige wake, na Muthama, akiwa amekaa nje akitengeneza mpini wa jembe, alisikiliza kilio kile kama mtu anayesikiliza mvua.

Kisha akaja mwanamke mmoja na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amemuulizia Nthenya soko kwa soko. Mutindi alimpokea langoni, akamwambia hakuna mtoto wa namna hiyo hapo. Mwanamke hakubisha. Alifungua leso tu, akawaonyesha.

"Mpeleke hospitali, mama," Muthama alisema.

"Nimetoka huko. Wameniambia nirudi naye nyumbani."

Mtoto alipumua kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka. Muthama alijua analotakiwa kusema. Alikuwa amelisema moyoni mara nyingi, kwamba binti yangu ni mtoto, mwacheni. Alifungua kinywa, akamtazama yule mama machoni, na neno likakataa kutoka. Alipogeuka, Nthenya alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, gunzi mkononi. Akaliweka chini taratibu.

"Shangazi, nipe maji ninawe mikono," alisema.

Akaomba. Sauti iliyotoka haikuwa ile iliyolilia nzige. Ilikuwa nzito, ya polepole, na ilipanda na kushuka pale pale ambapo ya Mchungaji Mulei hupanda na kushuka. Mwanamke alishukuru, akafunga leso, akaenda.

Mtoto yule mchanga hakufika kwao akiwa hai. Habari ililetwa na jirani aliyetoka sokoni, na kabla Mutindi hajamkonyeza anyamaze, alikuwa ameshaisema yote, Nthenya akiwa hapo anachambua mchicha.

Alimaliza kuchambua. Kisha akaja kwa baba yake.

"Ni kwa sababu nilikuwa nacheza," alisema.

"Hapana. Mtoto alikuwa mgonjwa sana."

"Mama Musyoka pia alikuwa mgonjwa sana."

"Nthenya, hata madaktari walikuwa wameshindwa."

"Madaktari hawakuitwa," alisema. "Mimi niliitwa."

Muthama alitafuta neno. Alilitafuta siku nzima na siku iliyofuata, akiwa naye kisimani, akichunga naye mbuzi, na kila alilolipata lilikuwa dogo kuliko lile alilobeba mtoto. Nthenya aliacha kwenda mtoni. Chakula alikigusa tu. Mwishowe alikunja nguo zake mwenyewe, akaomba arudishwe nyumbani kwa sababu watu wanangoja. Baba angeweza kukataa, alikuwa baba. Lakini angekaa naye vipi, mtoto asiyelala? Mutindi aliwasindikiza hadi barabarani.

Mwaka huo haujaisha, kulikuwa na mkutano mkubwa Kilungu, kwenye uwanja ulio kando ya njia ya miguu. Muthama alikwenda, akakaa kwenye benchi za wanaume, nyuma. Nthenya alisema kwa muda mrefu bila kukwama. Alipowaita wenye mizigo wapite mbele, watu walijaa, wakapanga mstari, na Muthama akajikuta ameinuka. Hakuwa na ugonjwa. Ila tangu Matinyani mtoto alikuwa anatoka na kurudi na akina mama, analala kwa mchungaji siku za mikutano, na haikuwepo njia nyingine ya kumfikia mchana ule.

Akapiga magoti zamu yake ilipofika. Mkono mdogo ukatua kichwani pake, wenye joto, unaonukia ganda la chungwa.

"Bwana," ilisema ile sauti nzito, "mpe amani ndugu yetu huyu."

Muthama aliinua macho. Bintiye alikuwa amefumba yake kabisa, jasho likimtiririka chini ya kitambaa, midomo imekauka. Alisubiri ayafumbue amwone. Mzee aliyekuwa akisimamia mstari akamgusa begani kwa heshima, akamwambia awapishe wengine, na mkono ulikuwa tayari umehamia kichwa kilichofuata.