Ripoti ya Shemeji

Katika ofisi ile ya kuchapisha vitabu vya shule, mhariri na msanifu wa kurasa walikuwa chanda na pete. Msanifu alikuwa amemwoa dada wa mhariri, na meza zao ziligusana. Kwa miaka tisa walirushiana miswada kwa barua pepe, hadi hakuna aliyejua ipi ni ya mwisho. Kitabu cha sayansi kikatoka kina sura ya nne mara mbili.

Mkurugenzi, mwanamke ambaye wafanyakazi walimwita Wembe akiwapa kisogo, akawaita.

"Tunahamia mtandaoni. Kuna programu mbili za kuandikia kwa pamoja. Kila mmoja ajaribu yake, aniletee ripoti. Nitachagua moja, na aliyeijaribu ndiye atakayebaki."

Kwenye ngazi msanifu alicheka kicheko cha kujikaza. "Shemeji, tusije tukauana kwa ajili ya kompyuta."

"Tuuane kwa lipi? Wewe ni ndugu yangu."

Programu ya mhariri ilikuwa na sura ya kupendeza, basi. Mtandao ukitetereka, maneno yanayeyuka. Wakiandika watu watatu, mistari inarukaruka kama panzi. Ya msanifu ilikwenda kama maji. Naye, kwa moyo mweupe, akamfungulia shemeji yake ripoti humo humo. "Nipitishie jicho. Saa saba bosi anaisoma."

Ilikuwa ripoti nzuri, na hilo ndilo lililomchoma mhariri. Wenzake walipokwenda kula, alifuta "haipotezi kitu" akaandika "hupoteza kurasa nzima". Akapachika makosa ya tahajia huku na huku, mwandishi aonekane mbumbumbu.

Alasiri Wembe alimwita peke yake, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Maneno ya msanifu yalikuwa yamekatwa kwa mstari mwekundu. Juu ya yale mapya palikuwa na jina la mhariri, na saa: sita na dakika arobaini.

"Programu hii inatunza kila badiliko na aliyelifanya. Shemeji yako ameeleza hilo kwenye ukurasa wa tano. Hukufika huko?"

Mhariri hakuwa amefika. "Nitaandika barua ya kuacha kazi."

"Nani kakwambia uache? Programu tunachukua hii. Anayeondoka ni yeye."

"Lakini bosi, ulisema..."

"Yeye ana ujuzi na ana mdomo. Wewe hutanibishia tena maisha yako yote. Nenda ukamwambie mwenyewe. Mwambie ripoti ilijaa makosa. Faili nimeshamfungia."

Akaenda, akamwambia.

Msanifu alibaki amesimama, mkono juu ya kiti. "Mimi niliisoma mara nne, shemeji. Na wewe uliisoma."

"Makosa ni kama kisogo," mhariri alisema. "Mwenyewe hakioni."

Msanifu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeelewa. Akakusanya rula zake, miwani na kikombe, akampa shemeji yake mkono, akashuka.

Jioni dada akapiga simu, sauti imejaa machozi. "Kaka, mume wangu anasema ulimhangaikia hadi dakika ya mwisho. Mungu akulipe."

"Nilijitahidi," mhariri alisema.

"Najua. Basi kesho mwombee tena kwa bosi. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwombea."