Mechi Moja Tu ya Kumwoa Iluminada

Mwaka ule Sabana Honda ilipopata timu yake ya kwanza ya besiboli ya kulipwa, hata kuku walianza kutaga mapema. Mwenye timu alikuwa Don Cesáreo Mañón, yule wa kiwanda cha barafu, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuita ng'ombe wa wilaya ya pili. Aliivisha jezi nyekundu, akaiita Kaa wa Sabana Honda, kisha akamwalika padri aje kuinyunyizia maji ya baraka. Padri alinyunyizia wachezaji, magongo, glovu, mpaka benchi la kukalia. Baadaye watu walisema alisahau kunyunyizia mipira, na balaa lote lilianzia hapo.

Jioni ya siku hiyohiyo ya baraka, Nereo Pichardo, mdakaji wa timu, kijana wa kutoka milimani aliyeishi kwa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira kifuani, alivaa shati jeupe akaenda kwa Don Cesáreo kuposa. Alikaribishwa kwenye kiti cha kubembea, akaletewa kahawa. Don naye akakaa kwenye kiti chake, wakawa wanabembea wakitazamana.

"Don, nimekuja kuhusu Iluminada."

"Najua. Wanaokuja kununua barafu hawajipaki mafuta kichwani namna hiyo."

"Nampenda, Don. Naye ananipenda."

"Hilo nalijua pia. Ukuta wa nyumba hii ni mbao." Don alikunywa kahawa yake taratibu. Siku hiyo alikuwa na furaha, na furaha ya tajiri ni kitu cha kuogopa. "Mimi si mtu mgumu, kijana. Nishindie mechi moja. Moja tu, kabla ya Siku ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari. Ligi ikiisha hujanipa ushindi, chukua glovu yako urudi kwenu milimani, na jina la binti yangu usilitaje hata ndotoni."

Hapo ndipo Nereo alipopaswa kusema ahsante, abusu mkono wa mzee, ajiendee zake. Badala yake alicheka.

"Moja tu? Don, mbona unanivunjia heshima? Nitakuletea kumi kabla ya Krismasi!"

Nyuma ya pazia, Iluminada alijishika kichwa. Alipomsindikiza hadi kibarazani alimfinya mkono kwa nguvu.

"Kumi za nini, wewe? Umewatazama wenzako wakifanya mazoezi?"

"Si wanadaka vizuri tu."

"Nimemwona mmoja akidaka kwa uso."

Ligi ilianza Oktoba. Mechi ya kwanza Kaa walifungwa, watu wakasema ni ugeni. Ya pili wakafungwa, watu wakasema ni upepo. Ya tatu walifungwa na timu iliyofika pungufu kwa sababu gari lake liliharibika njiani, na mchezaji mmoja wa wageni alikuwa ni dereva. Watu hawakusema kitu. Ilipofika Novemba hata kinyozi wa mtaani aliyekuwa akizihesabu ukutani aliacha, akasema anaharibu chaki bure.

Walifungwa kwa kila namna iliyopo, na walipozimaliza wakabuni nyingine. Siku moja wakiwa mbele, mlinzi wao wa nyuma alidaka mpira wa juu, mpira wa hatari, kwa mkono mmoja. Ulikuwa ni mpira wake wa kwanza kuudaka tangu ligi ianze. Alifurahi mno, akapiga magoti palepale kumshukuru Bikira Maria. Alimshukuru kwa niaba yake mwenyewe, akamshukuru kwa niaba ya mama yake na shangazi zake, na wakati huo wageni waliokuwa vituoni walizunguka uwanja na kurudi nyumbani, kwenye kibao cha kuanzia, wote wakapata pointi, mmoja wao akitembea.

"Mpira, wee! Tupa mpira!" Nereo alimpigia kelele.

"Subiri nimalizie amina, kaka!"

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa hesabu hiyo kisiwa kizima hakikuwa na washindani kama Kaa.

Habari ya posa ilikuwa imeshatoka nje ya ukuta wa mbao na kuenea nchi nzima. Mtangazaji wa redio, Bolívar Encarnación, mtu asiyejua kunong'ona, alikuwa akifunga kila mechi kwa maneno yaleyale: "Ndugu wasikilizaji, leo pia bibi harusi hajaolewa! Usiku mwema!" Wacheza domino kwenye duka la kona walikuwa wakimwona Nereo anapita, wanainua vichwa.

"Bwana harusi! Gauni lisije likaliwa na nondo!"

"Mwache, anasubiri mjukuu wake ndiye aoe."

Nereo alicheka nao kwa meno, moyoni akawa hana hata hamu ya ndizi za kuponda za asubuhi. Alikuwa akipiga mpira vizuri kuliko mtu yeyote katika ligi, lakini mtu mmoja hawezi kucheza nafasi tisa, na aliwahi kujaribu.

Ndipo wapinzani walipoingiwa na huruma. Ligi ile ilikuwa ya watu wanaojuana. Mrushaji wa timu hii ni binamu wa mpigaji wa timu ile, na wote walishasikia kwamba harusi ikiwepo, Don Cesáreo atachinja mbuzi wa kutosha jimbo zima. Wakakubaliana kimyakimya kwamba Kaa waachiwe mechi moja. Basi walikuja Majogoo wa pwani, mrushaji wao akaanza kurusha mipira ya kubembeleza. Ah! Wapigaji wa Kaa walikuwa wamezoea kukosa mipira ya kasi. Mmoja alizungusha gongo mara zake zote tatu, akarudi kukaa kwenye benchi, akaomba maji, na mpira wa kwanza ndio kwanza ulikuwa unafika. Majogoo waliangusha mipira makusudi, Kaa wakagongana wakikimbia. Mwisho kocha wa Majogoo alimfuata Nereo amechoka kabisa.

"Kijana, nisamehe. Tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu. Nyinyi hamsaidiki kushinda."

"Naelewa, mzee. Ahsante kwa moyo wako."

Hivyo ndivyo ilivyofika mechi ya mwisho, alasiri ya mkesha wa Wafalme Watatu. Iluminada alikaa jukwaani kando ya shangazi yake, Ozema, macho yamevimba. Asubuhi baba yake alikuwa amemkumbusha kwamba neno lake halina mlango wa nyuma. Gari la kwenda milimani lilikuwa linaondoka kesho, na sanduku la Nereo lilikuwa limeshafungwa kwa kamba.

Walikuja Tai wa Monte Pelado, ambao walishatwaa ubingwa na hawakuwa na cha kupoteza. Mdakaji wao, Wilkin, alikuwa rafiki wa Nereo tangu utoto. Na mwamuzi alikuwa Pantaleón Ogando, mtu aliyewahi kumtoa mdogo wake wa damu uwanjani siku ya mazishi ya baba yao, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

Sijui padri alirudi kunyunyizia au vipi, siku hiyo Kaa walicheza. Walidaka. Walirusha mahali walipolenga. Raundi ya tisa, ya mwisho, ilifika wakiwa sawa, nne kwa nne, watu wakaacha hata kutafuna karanga. Wawili wa Kaa wakatolewa; akitolewa wa tatu, raundi imekwisha. Akaingia Nereo na gongo lake.

Aliupiga mpira huo kwa hasira ya miezi mitatu. Ulipanda ukatoweka, wapo wanaosema ulirudi na manyoya ya ndege mwari, na ukaangukia kona ya mbali kabisa ya uwanja. Mlinzi wa Tai alikimbilia kule akiwa na nia njema ya kuupoteza kwenye majani. Kumbe watoto wa mji mzima walikuwa wamekesha wakiyang'oa, kila mmoja apate ya kuweka chini ya kitanda kwa ajili ya ngamia wa Wafalme wanaoleta zawadi usiku. Kona ilikuwa kipara, mpira unang'aa katikati. Maskini alibaki ameukanyaga huku akitazama huku na huku akisema, "Uko wapi jamani? Uko wapi?"

Nereo alikuwa anakimbia. Mdakaji huchuchumaa maisha yake yote, kwa hiyo mbio zake zilikuwa za bata aliyechelewa misa. Akapita kituo cha kwanza. Akapita cha pili, kofia imeruka. Akazunguka cha tatu. Sasa kilichobaki kilikuwa nyumbani, kile kibao cheupe ardhini alipoanzia. Akikikanyaga tu, pointi imeingia, mechi imekwisha, mke amepatikana. Mpira ulikuwa umeletwa hatimaye, ukatua mikononi mwa Wilkin, na Wilkin akageuka akampa mgongo, akawa anafunga kamba za viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba.

Hatua chache zimebaki, Nereo anakiona kibao, anayaona hata mavumbi yaliyo juu yake.

Don Cesáreo alishindwa kuvumilia. Miezi mitatu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbele akimeza aibu, na sasa ushindi ulikuwa unamjia ukikimbia kwa miguu ya bata. Aliruka uzio, na tumbo lake lote, akamkumbatia Nereo kiunoni na kumnyanyua juu kama kiroba cha barafu.

"Mwanangu! Mwanangu wee! Mkwe wangu! Mmemwona mkwe wangu?"

"Don, nishushe! Sijakanyaga!"

"Lia, mwanangu, lia! Machozi ya furaha hayana aibu!"

"Nishushe, Don! Nishusheee! Sijakanyagaaa!"

Hakuna aliyesikia. Matarumbeta yalikuwa yameshalia, ngoma zimeshachanganya, jukwaa zima limemwagika uwanjani. Walimpokea Nereo mabegani, wakambeba kocha, wakawabeba wachezaji wote mpaka wa akiba, wakatoka nao getini wakielekea bustani ya mjini. Nereo aliwapiga makofi vichwani, nao wakadhani anashangilia. Aliponyoosha mguu nyuma kuelekea kile kibao, shangazi Ozema aliukamata akaubusu.

Bustanini Don Cesáreo alipanda kibanda cha bendi, glasi ya ramu mkononi, akamwita padri apande pia. "Watu wa Sabana Honda! Mbele ya baba padri nasema: huyu Nereo ni mwanangu kuanzia leo, na harusi ni Jumamosi!" Bolívar wa redio alikuwa ameshamfuata na kipaza sauti chake, nchi nzima ilisikia. Iluminada alikuwa amefika kwa Nereo, akamshika uso.

"Mbona umepauka hivyo? Tumeshinda."

"Ilu," Nereo alisema, "hatujashinda."

Wakati huohuo watu wakaanza kupisha njia. Pantaleón alikuwa anakuja kwa miguu, barakoa ya chuma usoni, kinga ya kifua imefungwa, jasho linamtiririka. Matarumbeta yakazima moja baada ya jingine.

"Don Cesáreo. Mkimbiaji hakufika nyumbani. Amenyanyuliwa na mtu asiyehusika, kwa hiyo ametolewa. Mechi ilikuwa bado ni nne kwa nne, ikabidi tuendelee na raundi ya kumi. Nimesimama uwanjani nikawasubiri mpaka muda wa kanuni ukaisha. Nilikuwa mimi, Tai, na mbwa mmoja. Timu isiyokuwepo uwanjani imeshindwa. Poleni."

Don Cesáreo alishusha glasi. Alimtazama Nereo, akamtazama padri, akakohoa.

"Basi... neno langu la Oktoba mnalijua. Nilisema ushindi. Sharti ni sharti."

Nereo aliinamisha kichwa. Lakini Iluminada alikuwa amepanda ngazi za kibanda, amesimama ana kwa ana na baba yake.

"Baba, nani alimzuia asifike?"

"Furaha, binti yangu. Ilikuwa ni furaha."

"Furaha ina mikono? Mwamuzi, kama asingebebwa, ingekuwaje?"

Pantaleón alivua barakoa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kumbe alikuwa na masharubu.

"Angekuwa amefika, dada. Mdakaji alikuwa anafunga viatu. Kwa macho yangu, msimu huu Kaa walishinda mechi moja, na aliyewanyang'anya ni mwenye timu."

"Na Oktoba ulisema ukiwa sebuleni," Iluminada aliendelea, "kahawa mkononi, watu watatu tukisikia. Leo umesema mbele ya padri na redio. Baba, ukirudi nyuma kwa lipi ndipo utaaibika zaidi?"

"Hapo pagumu, Don!" alipaza sauti mcheza domino mmoja.

"Mzee, hata Kaa hawajawahi kushindwa vibaya hivi!" akadakia mwingine.

Umati ukaangua kicheko, na Bolívar akasogeza kipaza sauti mpaka kikamgusa Don puani. Don Cesáreo alikuwa mtu wa kiburi, lakini hakuwa mjinga. Aliutazama mji mzima ukiwa umesimama na njaa ya mbuzi. Kisha akamgeukia Nereo.

"Wewe kijana. Mbona hukuniambia nikushushe?"

"Nilikuambia, Don. Mara tatu."

"Ungeniuma."

"Nisingethubutu kumuuma baba mkwe."

Tumbo la Don likaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu lote, akacheka mpaka ramu ikamwagikia joho la padri.

"Jumamosi!" alisema akijifuta macho. "Nimeshasema Jumamosi, ni Jumamosi. Pantaleón, nawe uje."

"Nitakuja. Ila kwenye vitabu vya ligi mmeshindwa."

"Andika unavyotaka, bwana. Kula utakula?"

"Nitakula."

Matarumbeta yakaanza tena, na Iluminada akamshika Nereo mkono, akamwambia sasa waende akalifungue lile sanduku kabla kamba haijakaza.